Unaanza nyumba upya: friji, hita, kiyoyozi na jiko visivyomaliza uniti. Tuangalie nini dukani?

Mdadisi_wa_Mita
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mafundi na wenye uelewa watusaidie. Mtu anayeanza nyumba upya, hana hata balbu moja, aangalie nini dukani ili mita isikimbie? Orodha: friji, hita ya maji ya kuoga, kiyoyozi cha chumba kimoja, jiko, mashine ya kufulia na taa.

Wauzaji wote wana wimbo mmoja: "hii ni inveta, haili umeme." Vibandiko vya wati navyo vinachanganya. Friji ya wati 180 inasemekana inakula kidogo kuliko ya wati 120. Inawezekanaje?

FundiBaridi
Inawezekana kabisa mkuu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Wati ni kasi ya kula, siyo kiasi kilicholiwa. Mita inahesabu wati mara saa. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, au wati 100 kwa saa 10, hesabu ile ile.

Chukua friji zako mbili. Ya wati 120 ni ya kompresa ya kawaida: inawaka kwa nguvu yote, inazima, inawaka tena. Tuseme inawaka asilimia 40 ya muda: 120 × 24 × 0.4 = 1,152. Hiyo ni uniti 1.15 kwa siku, kama 420 kwa mwaka. Ya wati 180 ni ya inveta, yaani kompresa yake hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima, na haigandishi barafu. Hiyo 180 iliyoandikwa nyuma ni kilele chake, na mara nyingi ni hita ya kuyeyushia barafu inayowaka dakika chache tu, kisha inazima kwa saa nyingi. Kompresa yenyewe ikizunguka polepole kwa wastani wa jumla wa wati 30, unapata 30 × 24 = 720, yaani uniti 0.72 kwa siku, kama 263 kwa mwaka.

Kibandiko cha nyuma kimewekwa kwa ajili ya fundi umeme, ajue waya na fyuzi. Cha mnunuzi ni lebo ya nishati inayobandikwa mbele, yenye kWh kwa mwaka. kWh ndiyo uniti. Friji isiyo na namba hiyo popote, hata kwenye kitabu chake, mimi sishauri mtu ainunue.

Sasa usomaji wa lebo. Zile A zina mtego. Umoja wa Ulaya ulibadili kipimo Machi 2021: A+, A++ na A+++ zikafutwa kwenye friji, ikabaki A hadi G, na masharti yakakazwa. Friji iliyokuwa A+++ ikajikuta C au D bila kubadilishwa hata skrubu moja. Kwa hiyo D ya lebo mpya inaweza kuizidi kwa mbali A+ ya lebo ya zamani. Ukiona alama za kujumlisha kwenye friji, ni kipimo cha zamani au ni cha nchi nyingine. Lebo za nyota kama za India na Australia, nyota nyingi ndiyo bora, lakini nazo hukazwa mara kwa mara, kwa hiyo tazama imetolewa kwa kipindi gani. Herufi na nyota zitumie kuchuja haraka tu. Uamuzi uufanye kwa kWh.

Na herufi hulinganisha friji na wenzake wa ukubwa na aina ileile. Friji ya lita 500 yenye herufi nzuri bado inaweza kula zaidi ya friji ya lita 200 yenye herufi ya kawaida.

Waya_Nne
Ongeza daraja la hali ya hewa, FundiBaridi. Watu hawaliangalii kabisa.

FundiBaridi
Kweli. Kwenye kibandiko cha ndani au cha nyuma kuna herufi SN, N, ST au T. Zinaeleza joto la chumba ambalo friji imeundwa kulimudu:

SN: nyuzi 10 hadi 32
N: 16 hadi 32
ST: 16 hadi 38
T: 16 hadi 43

Ukiona "SN-T" ina maana inashika kuanzia 10 hadi 43. Friji ya N ikiwekwa jikoni penye nyuzi 36, kompresa inakimbia bila kupumzika na maziwa bado yanachacha. Mteja analalamika gesi imeisha, kumbe gesi iko kamili.

Gesi ya kupozea: friji nyingi mpya zina R600a. Ni gesi inayowaka moto, ndiyo maana huwekwa kidogo sana, kwa kawaida chini ya gramu 150. Inafanya kazi kwa shinikizo dogo na kompresa hutulia. Anayekuja kuijaza asichomelee mabomba mpaka gesi yote itoke na chumba kiwe na hewa. Na asikuwekee R134a, gesi ya aina nyingine, ndani ya mfumo wa R600a eti "zote ni gesi". Kompresa na bomba jembamba la kapilari vimepimwa kwa gesi moja.

Kuweka: acha upenyo wa sentimita 5 hadi 10 nyuma na juu, isipokuwa kitabu kikisema vinginevyo. Joto linalotolewa ndani lazima lipate pa kwenda. Zile ambazo koili ya nje imefichwa ubavuni, ukizigusa ubavuni zina joto, ndiyo kawaida yake. Usizibane na kabati pande mbili.

Mpira wa mlango: weka kipande cha karatasi, funga mlango, vuta. Kikitoka bila kukwama, hapo hewa inapita. Jaribu pande zote nne, hasa kona ya chini upande wa bawaba. Kabla ya kununua mpira mpya, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha upashe joto kwa kikausha nywele ukiuvuta urudi umbo lake. Mara nyingi unapona.

Mdadisi_wa_Mita
Asante sana mkuu. Na swichi ya ndani yenye namba 1 hadi 7? Wengine wanasema 7 ndiyo joto.

FundiBaridi
7 ndiyo baridi kali. Usiamini namba, pima. Tumbukiza kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iache rafu ya kati usiku kucha, isome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Unataka nyuzi 4 hivi, na friza −18. Ikiwa baridi kupita hapo unalipia baridi isiyo na kazi. Friji ya kuyeyushwa barafu kwa mkono iyeyushe barafu ikifika unene wa milimita 5. Usichokonoe kwa kisu, ukuta wa pale ni alumini laini na bomba limepita nyuma yake.

Kikokotoo
Friji mmeitendea haki, lakini kwenye orodha ya mdadisi mla uniti wa kweli ni hita ya maji. Kanuni ni moja na haibadiliki: lita 1 ya maji kupanda nyuzi 1 inataka wati-saa 1.163.

Tangi la lita 50, maji kutoka 20 hadi 60: 50 × 40 × 1.163 = 2,326. Uniti 2.3. Hiyo ni zaidi ya siku tatu za ile friji ya inveta. Na hakuna hita ya elementi inayoweza kukwepa namba hii, hata muuzaji aseme nini. Elementi zote hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Tofauti kati ya tangi na tangi ni unene wa sponji, yaani joto linalopotea likiwa limekaa tu. Mengi hupoteza uniti 1 au zaidi kwa siku bila mtu kufungua bomba.

BintiSaketi
Ndiyo maana hita ya papo kwa papo, isiyo na tangi, inashinda.

Kikokotoo
Inashinda upotevu wa tangi, dada, haishindi fizikia. Kuoga dakika 8 kwa hita ya wati 5,000 ni 5 × 8 ÷ 60, uniti 0.67. Ni kidogo kwa sababu maji yenyewe ni machache. Kwa wati 5,000, kupandisha maji kutoka 20 hadi 38 unapata lita 4 kwa dakika tu. Ukifungua bomba litoe lita 9, unaoga maji yasiyo baridi wala moto. Ukifunga kichwa cha bafu kinachopitisha maji kidogo kwenye tangi, nalo matumizi yanashuka vilevile.

Mtu mmoja au wawili wanaooga nyakati tofauti: papo kwa papo. Familia inayooga mfululizo asubuhi: tangi lenye sponji nene na saa ya kuwashia si vibaya. Ila kama bajeti inaruhusu, hita ya pampu ya joto inaacha zote nyuma. Inafanya kama kiyoyozi kilichogeuzwa, inavuta joto la hewa na kulitia kwenye maji. Uniti 1 ya umeme inatoa joto la uniti 3 hivi. Inataka nafasi yenye hewa, na ina kelele ya feni, usiiweke ukutani mwa chumba cha kulala. Ya jua nayo haina mpinzani palipo na jua la kutosha, mradi uzime elementi yake ya akiba siku za jua. Watu huiacha imewashwa mwaka mzima kisha wanashangaa.

Waya_Nne
Kabla mtu hajakimbilia ya papo kwa papo: wati 5,000 kwa volti 230 ni ampea 21.7. Hiyo si ya soketi. Inataka saketi yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa shaba wa milimita za mraba 4 angalau, swichi ya nguzo mbili, arthi iliyopimwa, na kinga ya uvujaji ya miliampea 30. Njia ikiwa ndefu, waya upande hadi 6. Waya mwembamba unakula uniti kwa kupata moto ukutani, na mwisho wake ni plastiki kuyeyuka kwenye kiungio.

MzeeBalbu
Na tangi wasilishushe hadi nyuzi 45 kwa kubana matumizi. Bakteria wa Legionella wanastawi katika maji ya vuguvugu yaliyotuama. Weka 60, changanya na maji baridi bombani. Anodi ya magnesi, ile fimbo ya ndani ya tangi inayoliwa na kutu kwanza, ikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili, ikiisha tangi lenyewe ndilo linaloanza kuliwa na kutu. Kuhusu chokaa: haiongezi bili ya elementi iliyozama majini kama wengi wanavyodhani, joto bado linaishia kwenye maji. Inachofanya ni kuifanya elementi ipate moto kupita kiasi hadi ikatike.

BintiSaketi
Shikamoo mzee, umenifundisha hapo kwenye chokaa. Kiyoyozi nakichukua mimi.

Kwanza ukubwa. BTU 12,000 ni uwezo wa kupoza wati 3,517. Wafungaji wengi huanzia BTU 500 hadi 600 kwa mita ya mraba, kisha wanaongeza kama juu ni bati au paa la zege linalopigwa na jua, na dirisha kubwa la magharibi. Chumba cha mita za mraba 14 × 600 = 8,400, chukua ya 9,000. Ukiweka 18,000 "ipoze haraka", kile cha kawaida kinapoza hewa dakika chache kinazima, kinawaka tena, na unyevu hakijautoa. Chumba kinakuwa baridi lakini kinanata, mtu anashusha hadi 18, bili inapanda.

Pili ufanisi. Gawanya wati za kupoza kwa wati za umeme, ndiyo EER. Cha BTU 12,000 chenye EER ya 2.8 kinakula wati 1,256. Chenye 3.6 kinakula 977. Tofauti ni wati 279, na kwa saa 2,400 za kazi kwa mwaka ni uniti 670. Hapo hakuna hata neno inveta, ni ukubwa wa koili na ubora wa kompresa tu.

SEER ni wastani wa msimu mzima, na ndiyo inayoonyesha faida ya inveta. Angalizo: namba za Kimarekani hupimwa kwa BTU kwa wati-saa, kwa hiyo zinaonekana kubwa. Zigawe kwa 3.412 kabla ya kulinganisha na za Ulaya. SEER 17 ya Marekani ni kama 5 tu kwa hesabu ya wati kwa wati, na hata hivyo masharti ya vipimo hayafanani, kwa hiyo ni makadirio.

Mdadisi_wa_Mita
Kwa hiyo inveta ni kweli au ni uongo?

BintiSaketi
Ni kweli kwa kifaa chenye mota inayofanya kazi saa nyingi kwa mzigo unaobadilika: kiyoyozi, friji, pampu ya maji. Inapunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima, na haivuti ule mkondo mkubwa wa kuanzia ambao kwenye mota ya kawaida hufika mara 5 hadi 7 ya kawaida yake. Wenye sola wanaipenda kwa hilo. Kwa kifaa cha elementi haibadilishi kiasi cha joto unacholipia. Kiyoyozi unachowasha nusu saa kwa siku nacho hakitarudisha pesa ya inveta.

Na ufungaji unaweza kuua yote. Mabomba lazima yanyonywe hewa kwa pampu ya vakyumu hadi shinikizo lishuke chini ya maikroni 500, kisha yaachwe kuona kama kipimo kinapanda. Fundi anayefungua valvu na "kusukuma hewa kwa gesi" amekuachia unyevu ndani na amepunguza gesi. Filta ioshwe kila baada ya wiki 2 hadi 4. Weka 25 au 26 na feni ya dari. Feni ya kawaida ya dari ni wati 70 hadi 80, ya mota isiyo na brashi ni kama 30 kwa upepo uleule.

Kikokotoo
Jiko, kwa ufupi. Induksheni, jiko linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hupeleka kama asilimia 85 ya umeme kwenye chungu, koili ya umeme 70 hadi 75, gesi karibu 40 kwa sababu joto kubwa linapita kando ya sufuria. Lakini gesi na umeme haviuzwi bei moja, kwa hiyo asilimia peke yake haisemi lolote. Kilo 1 ya gesi ya mtungi ina kama uniti 12.8 za joto. Asilimia 40 yake ni 5.1. Kwa induksheni, 5.1 ÷ 0.85 ni uniti 6. Basi gawanya bei ya kilo moja ya gesi kwa bei ya uniti moja. Ukipata zaidi ya 6 au 7, induksheni ni nafuu. Chini ya hapo, gesi.

Sufuria za induksheni ni zile zinazoshika sumaku kitakoni. Chukua sumaku ya mlangoni pa friji uende nayo dukani. Kitako kiwe bapa na kilingane na duara la jiko. Kwa kunde na vitu vigumu kuiva, sufuria ya presha ya umeme ndiyo mshindi: imefunikwa na kuhifadhiwa joto, ikishafika presha elementi inawaka na kuzima tu.

MzeeBalbu
Taa msisome wati, someni lumeni, yaani kiasi cha mwanga. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, LED inazitoa kwa wati 8 au 9. Kelvini 2,700 ni mwanga wa njano wa kupumzikia, 4,000 wa kazi, 6,500 mweupe wa samawati. Kipimo cha uhalisia wa rangi (CRI) kisiwe chini ya 80. LED usiifungie kwenye globu isiyopitisha hewa kama haijaandikwa kuwa inafaa humo. Kinachokufa si taa, ni kapasita ya saketi yake inayopikwa na joto.

Waya_Nne
Mashine ya kufulia: umeme mwingi ni wa kupasha maji, siyo wa kuzungusha. Kufua kwa nyuzi 30 badala ya 60 kunakata sehemu kubwa. Ya mlango wa mbele inatumia maji machache, kwa hiyo yenye hita ndani inapasha machache. Kama utatumia kikaushio, mizunguko 1,200 au 1,400 kwa dakika ya kukamua ina thamani, maji yanayotoka kwa kuzungushwa ni rahisi kuliko yanayotoka kwa joto.

Mdadisi_wa_Mita
Nimeona vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyosemwa "vinapunguza bili nusu". Vipi?

Waya_Nne
Ukikifungua utakuta kapasita moja, taa ya kijani na hewa. Kapasita hurekebisha mwachano wa mkondo na volti, jambo linalowahusu viwanda vinavyotozwa kwa kilovolti-ampea. Mita ya nyumbani inahesabu wati halisi. Chenyewe kinakula wati kidogo kuwasha hiyo taa yake.

Pesa hiyo nunua kipimo cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha kWh. Friji ipime saa 24 kamili, siyo dakika 10. Usipokuwa nacho, tumia taa nyekundu ya mita. Imeandikwa, mfano, 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1,000 kwa uniti moja. Zima kila kitu, acha kifaa kimoja, hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko. 3,600 gawanya kwa sekunde hizo, unapata wati. Sekunde 12 ni wati 300. Kama mita yako ni 1600 imp/kWh, zidisha jibu kwa 1,000 kisha gawanya kwa 1,600. Ukizima kila kitu na taa bado inamweka, tafuta king'amuzi. King'amuzi cha wati 10 kinachokesha mwaka mzima ni uniti 87.6.

Mdadisi_wa_Mita
Sasa swali la mfukoni. Zile friji mbili za mwanzo, 420 na 263. Ya pili ni ghali zaidi. Nitajuaje kama inalipa?

Kikokotoo
Chukua tofauti ya bei, igawe kwa bei ya uniti moja. Hiyo ni idadi ya uniti unazopaswa kuokoa. Tuseme umepata 900. Unaokoa 420 − 263 = 157 kwa mwaka. 900 ÷ 157 ni miaka 5.7. Friji inayotunzwa hufika miaka 10 na zaidi, kwa hiyo inalipa. Ukipata 2,000 ni karibu miaka 13, nunua ya rahisi. Kama umeme wako unauzwa kwa ngazi, tumia bei ya ngazi ya juu unayofika, kwa maana uniti unazookoa ni zile za mwisho.

FundiBaridi
Kwenye hesabu hiyo tia na bodi ya inveta. Umeme wa kupanda na kushuka huiua, na bodi ni ghali kuliko rilei ya kompresa ya kawaida. Weka kinga ya volti yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi. Uliza kwanza kama bodi ya modeli hiyo inauzwa peke yake. Wasipoijua, rudi kwenye ile ya 420.

Mdadisi_wa_Mita
Bodi ipo, nimeuliza. Mwisho kabisa: gari la kubebea ni fupi, itabidi ilazwe.

FundiBaridi
Ikilazwa, mafuta ya kompresa hutambaa kwenye mabomba. Ilaze kwa upande usio na bomba la kutolea gesi, au ule uliochorwa kwenye boksi. Ukifika isimamishe, isawazishe miguu mlango ujifunge wenyewe, kisha usichomeke kwa muda usiopungua ule iliolala. Hata kama ililala nusu saa, ipe saa 4. Ikiwa imelala siku nzima, nayo isimame siku nzima. Ukishaiwasha iache tupu mpaka ile glasi ya maji isome 4.